Maharagwe Huchukua Saa Mbili

Karani wa sacco alitaka taarifa yangu ya M-Pesa ya miezi sita. Wadhamini walikuwa wameshatia sahihi, fomu ya mkopo wa karo imejazwa, limebaki hilo faili tu. Nikalifungua usiku watoto wakiwa wamelala, nikaanza kulipitia kabla ya kulituma, maana sipendi mtu wa ofisini ajue mambo yangu kabla sijayajua mwenyewe.

Sikulituma usiku ule.

Shilingi sabini, kwa jina la mwanamke nisiyemfahamu, saa kumi na mbili na robo jioni. Nikakaa nikimwaza huyo mwanamke ni nani mpaka nikakumbuka: smokie mbili, zile soseji za mkokoteni, pale stejini. Mia na themanini, kibanda cha chipsi. Hamsini, yule yule wa smokie. Mia mbili na hamsini, mkahawa wa chini ya ofisi. Thelathini, njugu. Hamsini tena. Siku za kazi, kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, nilikuwa nimelipia kitu cha kutafuna.

Baba watoto alikuwa bado macho, anatazama mpira kwenye simu. Nikamwomba naye aitishe taarifa yake. Ugali matumbo, soda, mutura, soda, viazi karai. Akawa anateremsha kidole polepole, halafu akasema, "Mama watoto, kumbe sisi hula mara mbili."

Kauli hiyo imenikaa kichwani wiki nyingi.

Daftari

Tuna daftari la bajeti tangu tulipooana. Kuna mstari wa kodi, wa karo, wa nauli, wa kutuma nyumbani, na mstari wa chakula. Chakula, kwa mujibu wa daftari letu, ni ile safari ya supamaketi mshahara ukiingia: unga, mchele, mafuta, sukari, majani chai, sabuni. (Sabuni kwetu ni chakula, msiniulize.) Mboga na nyanya zina mstari wake mdogo, wa kila wiki.

Mambo ya stejini hayakuwa popote. Yalijificha kwenye "nauli", au kwenye ule mstari wa chini kabisa ambao kila nyumba ya Nairobi inao, uitwao "dogodogo". Dogodogo zangu na za mume wangu, nilipozijumlisha kwa mwezi mmoja, zilikuwa zimeipita safari ya supamaketi. Kwa mbali.

Jibu la haraka ni kujikaza, na wengi mtanipa hilo. Beba chakula cha mchana. Acha smokie. Kunywa maji. Nami nilijipa hilo hilo, nikaenda dukani nikanunua vile vikopo vya kubebea chakula, vyenye vifuniko vya kubana.

Viko kabatini. Vizuri kweli.

Njaa ya saa kumi na mbili

Mnaokaa Eastlands na kufanya kazi Westlands hamhitaji kuelezwa. Unakula saa saba mchana. Unatoka ofisini saa kumi na moja na nusu, unapanda gari la kwanza hadi taoni, unavuka kwa miguu hadi steji ya pili, unangoja gari lijae, kisha mnaingia Jogoo Road na kusimama. Kufika Umoja ni saa mbili kasoro, siku ambayo Mungu amekusaidia na mvua haijanyesha. Kati ya mchana na mlango wa nyumba yako ni saa saba bila kitu tumboni.

Na katikati ya safari hiyo yuko yule mama na mkokoteni wake. Anaipasua smokie katikati kwa kisu, anashindilia kachumbari, anatingisha chupa ya pilipili, anaifunga kwa karatasi ya tishu na kukukabidhi kabla hujamaliza kubofya namba ya siri. Harufu ikishakupata, pesa yako imeshatoka. Sioni ni kwa nini nimlaumu, wala kwa nini nijilaumu. Mwili ulikuwa na njaa, naye alikuwa na chakula, mahali palepale, saa ileile.

Kilichoniuma ni kilichofuata nyumbani. Nafika nimeshiba nusu. Baba watoto amekula viazi karai. Watoto wamekunywa chai na mkate saa kumi na moja, wakaongeza mkate saa kumi na mbili na nusu. Hakuna mwenye njaa ya kumsukuma jikoni, na hakuna aliyeshiba vizuri. Basi saa tatu usiku tunakoroga ugali na mayai, au tunamwaga tambi za pakiti kwenye maji, zile zinazoiva kabla hujatafuta uma, na unga wake wa viungo wenye chumvi kama wa kuhifadhia samaki. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku. Pakiti moja inakula sehemu kubwa ya hizo, na mwanangu alikuwa akiomba ya pili.

Kuhusu zile soda za mume wangu nitasema moja tu. Chupa ya nusu lita ina sukari ya takriban gramu 50. Nilimsomea kiasi hicho, akaniuliza chai yangu ina vijiko vingapi. Tukanyamaza wote wawili.

Chakula cha kienyeji ni cha bei nafuu, wanasema

Hapa ndipo shaka yangu ilipoanza kuwa kubwa kuliko hesabu.

Kila anayeandika kuhusu lishe hapa nchini atakuambia rudi kwa vya kienyeji. Githeri. Managu. Kunde. Omena. Na hana kosa. Mahindi yana upungufu wa lisini, maharagwe yanayo kwa wingi. Ukivichanganya kwenye sufuria moja, kimoja kinajaza pengo la kingine, na nyanya zetu walifanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Omena unamla mzima na mifupa yake, kwa hiyo unapata kalisiamu ambayo samaki wa minofu hakupi. Gorogoro moja ya maharagwe pale Mutindwa inalisha nyumba yangu siku kadhaa.

Lakini jaribu kuchemsha haragwe kavu ukiwa umefika nyumbani saa mbili usiku.

Bila kulowekwa, ni saa mbili motoni, wakati mwingine zaidi, kutegemea kama mwenye duka amekuuzia za msimu huu au zilizozeeka ghalani. Gesi inalia muda wote huo. Tumeona bei yake ikipanda na kushuka na siasa: 2021 ikawekewa VAT ya asilimia 16, 2022 ikashushwa hadi 8, 2023 ikaondolewa kabisa. Hata hivyo, kwa mwenye meko ya kilo sita anayejazia mwisho wa mwezi, saa mbili za moto kwa mboga moja ni jambo la kufikiriwa. Jirani yangu wa ghorofa ya chini hutingisha mtungi kabla ya kuamua wale nini. Mtungi ukiwa mwepesi, watakula mayai.

Kuna wanaouza githeri iliyokwisha kuchemshwa, mlangoni mwa mtaa, kwa kikombe. Nimenunua mara nyingi na nitanunua tena. Wengine huweka magadi ili iive upesi, na magadi huharibu vitamini za kundi B, hasa B1. (Ule uvumi kwamba wengine hutia dawa za maumivu sufuriani ili iive upesi sitaugusa.) Lakini yule mama anayeuza kikombe cha githeri anauza kitu gani hasa? Mahindi na maharagwe ninayo nyumbani. Ninacholipia ni kwamba aliamka saa kumi usiku akawasha jiko.

Mama mboga wangu ni vivyo hivyo. Anakata sukuma huku mnaongea, nyembamba kama uzi, anakutilia kwenye mfuko wako kwa sababu karatasi za plastiki zilipigwa marufuku 2017. Nikimwambia asikate, nitaosha kwanza nyumbani ndipo nikate, ili vitamini zisiondoke na maji, ananitazama kwa huruma. "Utakata saa ngapi, customa wangu?"

Swali zuri.

Unga, kwa kifupi

Nilidhani hapa kuna jibu rahisi: niache unga mweupe wa pakiti, nisage mahindi yangu posho mill. Unga wa gredi ya kwanza umeondolewa kiini na maganda, na humo ndimo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini zilimo. Halafu nikakumbuka mambo mawili. Tangu 2012 sheria inawataka wasagishaji wakubwa waurudishie unga wa pakiti vitamini na madini, chuma na zinki zikiwemo. Posho mill ya mtaani haina mpango huo. Na mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu yenye sumu ya aflatoksini, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, Ukambani, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Mimi nanunua mahindi kwa gunia lililopitia mikono minne, siwezi kujua yalikaukia wapi.

Nimebaki na pakiti. Nilipoandika hivyo kwenye kundi la familia nilipewa somo refu na shangazi, na bado nimebaki na pakiti.

Shilingi tano

Mwanangu mdogo yuko Gredi ya Pili, shule ya umma. Jioni moja nilimuuliza alikula nini mchana, swali ambalo mama huuliza huku akifikiria jambo lingine. Akasema, "Wali na ndengu. Nikaongeza."

Huyu ndiye mtoto ambaye nyumbani huzitenga ndengu pembeni moja moja kwa kidole.

Wanaoijua Dishi na County, mpango wa kaunti ya Nairobi wa chakula cha mchana shuleni, wanajua inavyokwenda: tangu 2023 mzazi analipa shilingi tano kwa mlo, pesa inaingia kwenye kibangili cha mtoto, mtoto anakigusisha, anapewa sahani. Zinazobaki wanalipa kaunti na washirika wake. Chakula kinapikwa kwenye majiko makubwa ya pamoja na kupelekwa shuleni kikiwa moto. Nilikuwa nikiuchukulia mpango huo kama afueni ya mfuko. Usiku ule niliona kwamba mlo bora zaidi wa siku ya mwanangu, wenye nafaka, kunde na mboga, uliopikwa kwa saa zinazostahili, ulikuwa ule wa shilingi tano. Mlo wetu wa saa tatu usiku ulikuwa wa pili, na umbali kati yao ulikuwa mrefu.

Pesa haikuwa imekosekana kwetu. Waliopika ndengu zile walizianza kabla mimi sijapata gari la asubuhi.

Alipokuwepo dada

Nikalirudia faili, safari hii kutoka mwezi wa kwanza kwenda mbele.

Miezi ya mwanzo mistari ya jioni ni michache. Smokie ipo, lakini ni ya Ijumaa. Kisha kuanzia mwezi fulani inaongezeka, yangu na ya mume wangu, kama mtu amefungua bomba. Nikautazama ule mwezi.

Ndio mwezi dada aliondoka.

Tulikuwa na dada wa kazi. Makato yalipozidi, kwanza ya serikali ya nyumba za bei nafuu asilimia moja na nusu, kisha ya SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75 kuanzia Oktoba 2024, tukakaa na daftari na kukubaliana kwamba mshahara wake hatuuwezi tena. Watoto wamekua, tukasema. Tutajisaidia. Aliondoka kwa amani, na tukaufuta mstari wake, nikakumbuka jinsi tulivyojipongeza kwa ile nafasi iliyobaki.

Kwenye daftari aliandikwa "dada", na kiasi chake pembeni. Hakuna aliyeandika maharagwe.

Nilimpigia simu. Siku hizi yuko kwao, amefungua kibanda cha nguo za watoto, na sauti yake imenenepa. Nikamuuliza alikuwa akipika lini, kwa sababu sikumbuki kumwona amesimama jikoni kwa saa mbili.

"Hukuniona kwa sababu nilikuwa sijasimama, mama," akasema. "Naloweka usiku. Asubuhi namwaga maji. Saa nane nainjika, moto mdogo, naenda kukunja nguo. Mtoto akitoka shule yameiva, nampa kidogo na parachichi kabla hajaomba mkate. Nyinyi mkija nakaanga tu kitunguu."

*Nampa kidogo kabla hajaomba mkate.* Hapo ndipo njaa ya saa kumi na mbili ilipokuwa ikimalizwa, bila mtu kuitangaza. Na harufu ya kitunguu kikikaangwa, ukiwa ngazini, ndiyo iliyokuwa ikinifanya nipite smokie nikijua nyumbani kuna kitu.

Nilimuuliza pia, kwa kuchelewa, kama mshahara wetu ulikuwa unamtosha. Akacheka, akasema wateja wameingia.

Mwenye saa

Sasa jambo gumu. Baba watoto hufanya zamu ya asubuhi ghalani, Embakasi. Hufika nyumbani saa kumi.

Kwa muda mrefu saa hizo, kumi hadi mbili, zilikuwa zake. Ameamka saa tisa usiku, anahitaji kupumzika, na kweli anahitaji. Sikutaka kuligeuza faili la sacco kuwa kesi. Nilizunguka nalo siku kadhaa: nikasema tununue presha kuka, nikasema tutafute mtu wa kuja mara mbili kwa wiki. Yeye ndiye aliyekata shauri, tena kwa kukereka.

"Unataka nipike? Sema."

"Nataka uinjike maharagwe. Nitayaloweka mimi."

"Kuinjika tu?"

"Kuinjika tu."

Siku ya kwanza aliinjika pamoja na nyanya. Alikata zote, na kitunguu, na hoho, akaziweka mwanzoni ili "zishike ladha". Sasa, asidi ya nyanya huzuia ganda la haragwe kulainika. Saa tatu usiku yalikuwa bado yanagonga sahani. Watoto walikula mkate. Yeye aliyala hivyo hivyo, kwa ukaidi, mpaka yakaisha. Tangu hapo nyanya haigusi sufuria mpaka haragwe lipondeke katikati ya vidole viwili, na sheria hiyo ni yake, anaisimamia kuliko mimi.

Mama mkwe alipopiga simu akasikia kijiko na sufuria, akamwambia mwanawe ampe simu mkewe. Nikasalimia, "Shikamoo, mama." Akaitikia vizuri, akauliza habari za watoto, akauliza mvua, kisha akauliza kama ninaumwa. Nikasema la, mama, niko mzima. Akanyamaza kidogo. "Basi mwambie asiweke chumvi nyingi, baba yake alikuwa na presha." Ndipo nilipojua kwamba lile ambalo lingekuwa gumu zaidi limepita, au limeahirishwa.

Mengine yamebadilika madogo madogo. Chai ya baada ya chakula tumeisogeza hadi karibu na kulala, kwa kuwa majani chai hukishikilia chuma cha kwenye maharagwe na mboga, mwili usikipate vizuri; ndimu kwenye sukuma hufanya kinyume. Binti yangu sukuma hajaipenda, lakini ndimu anaipenda. Dogodogo limepewa mstari wake wenye jina halisi, "chakula cha nje", na humo tumeweka chipsi za Ijumaa wazi wazi, kwa sababu watoto walisema githeri siku zote ni adhabu na sikuona cha kuwapinga.

Smokie bado nakula. Mama yule sasa namjua jina si kwa M-Pesa tu.

Wiki ya nne

Sitaki mdhani tumefika. Wiki ya mwisho ya mwezi daftari la kweli ni la mama mboga, lile lenye jalada lililochanika, ambamo mimi ni "Mama ghorofa ya tatu" na deni langu limeandikwa kwa penseli. Ananikopesha sukuma, nyanya na managu bila riba na bila karani, na wiki hiyo ndiyo tunayokula mboga nyingi kuliko zote, kwa sababu nyama haikopeshwi. Ndengu tunazo, kwa kuwa zinaiva upesi kuliko maharagwe. Omena anakaangwa dirisha likiwa wazi na majirani wanajua tarehe.

Mkopo wa karo ulitoka, kwa taarifa yenu.

Na juzi baba watoto amerudi na ratiba mpya ya ghala: kuanzia mwezi ujao atakuwa zamu ya mchana, anaingia saa nane, anatoka saa nne usiku. Ameibandika kwenye mlango wa kabati, juu ya vile vikopo vyangu. Anasema anaweza kuinjika saa tano asubuhi kabla hajatoka, azime, watoto wapashe moto wenyewe. Mkubwa ana miaka kumi na moja, na mimi sijaamua kama nataka awashe gesi mimi sipo.